Fundi Unywele na Santuri za Watu Watatu

Ndugu zangu, jamaa, majirani wa mtaa wa nyuma ya kituo cha zimamoto, na ninyi mliotoka mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni dada yake marehemu, wa kumfuata kuzaliwa, na familia imenikabidhi kazi ya kuyasoma maisha yake si kwa sababu ninajua kusema, wanaojua kusema wamekaa hapo mbele, bali kwa sababu mimi ndiye ninayekumbuka tarehe. Pale nitakapotofautiana na mliyoyasikia kwenye mazungumzo ya jana na juzi, naomba tufuate haya.

Kaka yetu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la reli, akiwa mtoto wa tatu wa baba yetu, aliyekuwa mlinzi wa geti la reli, na mama yetu, aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, kwa hiyo alilelewa kama kifungua mimba, akapata haki za kifungua mimba na viboko vyake pia. Alianza shule ya msingi Januari 1957, ng'ambo ya reli, akamaliza 1963, kisha akasoma sekondari kuanzia 1964 hadi 1967, akahitimu kidato cha nne kwa alama ambazo baba aliwaeleza wageni kuwa si mbaya. Tangu akiwa mdogo alikuwa na sikio kali kuliko wenzake, akisimama na baba getini aliweza kusema ni behewa la ngapi lenye gurudumu bovu kabla treni haijamaliza kupita, na baba akawa akisema, "Huyu masikio yake yametangulia macho," maneno ambayo yalimtia kaka imani kubwa katika masikio yake, na imani hiyo, kama tutakavyoona, ilimfaa karibu kila mahali.

Tarehe 5 Februari 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati kama mwanafunzi wa mafundi wa cherehani, mwaka 1972 akawa fundi kamili, na mwaka 1979 akawa mkuu wa mafundi wa ukumbi wote wa ushonaji. Kazi yake ilikuwa kuzitibu mashine zilizoruka mishono, zilizokata uzi, na zile ambazo hazikuwa na ubovu wowote ila mshonaji wake alikuwa amegombana na mtu nyumbani. Aliinama, akakaza, akasikiliza, akasema, "Bado unywele," akalegeza kidogo, akasikiliza tena, na hakuondoka mpaka ule unywele umekwisha. Ndipo akaitwa Fundi Unywele. Upara ulimwanza akiwa na miaka ishirini na sita lakini jina halikung'oka, na washonaji wakawa wanasema nywele zake hazikupotea bure, amezimalizia kwenye mashine zao.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu, nalo ni santuri. Wapo wanaosema alizinunua, na wapo wanaosema alianza kuzisikiliza baada ya kuoa. Haikuwa hivyo. Mwezi Oktoba 1974 mkuu wa idara ya ukataji aliacha kazi akahama na familia yake, naye akaacha kwenye korido ya kiwanda gramafoni moja na kreti la santuri, akasema anayetaka achukue. Waliokuwa karibu wakachukua za waimbaji na za dansi, na kaka alipomaliza kunawa grisi mikononi zilikuwa zimebaki tisa ambazo hazikupata mwenyewe, pamoja na gramafoni ambayo kila mtu aliogopa uzito wake. Zile tisa zote zilikuwa za jazi, hazikuwa na mwimbaji hata mmoja, na kwenye majalada yake walionekana watu watatu tu, mpiga piano, mpiga besi lile kubwa la kusimama nalo, na mpiga ngoma. Wenzake wakamcheka, "Unywele, umeokota muziki wa kusubiria daktari." Yeye akazibeba, akasema cha bure hakina kasoro.

Alituambia baadaye kwamba wiki ya kwanza hakusikia muziki, alisikia watu watatu wanaotafuta kitu kilichoanguka chini ya meza. Wiki ya pili alifanya kama alivyofanya kiwandani, ambapo kama mashine kumi zinalia kwa pamoja fundi huchagua moja, akamchagua mpiga besi peke yake na kumfuata kutoka mwanzo wa upande hadi sindano ilipoinuka, na alipofika mwisho akagundua kwamba wale wengine wawili amewasikia pia bila kuwatafuta. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa kanuni yake, na kila mtu aliyeingia kwake alipewa: shika mmoja, usimwache, ukijaribu kuwashika wote watatu utarudi nyumbani mikono mitupu.

Alizipenda zile ambazo watatu hao wanakwenda mbele moja kwa moja, bila mbwembwe, wimbo unatajwa kwanza jinsi ulivyo ili kila mtu aujue, kisha mpiga piano anausimulia kwa maneno yake, huku besi akitembea chini yake kama mtu anayejua aendako, na mpiga ngoma akipitisha brashi juu ya ngozi kwa mlio ambao kaka aliufananisha na kitambaa kinachoburutwa juu ya meza ya kukatia. Baadaye piano inanyamaza kidogo ili besi naye aseme, na wote wanampisha, kisha piano na ngoma wanajibizana kwa zamu, huyu anatupa neno, yule analirudisha, halafu wote wanarudi kwenye wimbo wa mwanzo kama watu waliotoka matembezini na kukuta mlango wao uko palepale. Aliwapima wapiga piano kwa nafasi walizoziacha, akisema mpigaji hodari ni yule anayejua wapi pa kutogusa. Mwaka 1977 meneja mmoja alimzawadia santuri yenye mpiga tarumbeta, kaka akaisikiliza kwa adabu upande mmoja, akauliza, "Huyu wa nne kaalikwa na nani?" akairudisha kwenye jalada lake, na huko imekaa mpaka leo.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Desemba 1976 na wifi yetu, mjane aliyeketi mbele yenu, ambaye wakati huo alikuwa mshonaji wa kola katika mstari wa pili. Wifi mwenyewe hupenda kusimulia kwamba mara ya kwanza kualikwa nyumbani kwa kaka alivaa gauni jipya, akaketishwa kwenye kiti cha mbao, akawekewa santuri na kuambiwa amfuate besi. "Nikadhani ninachumbiwa," husema, "kumbe napewa zamu." Hata hivyo alimfuata besi mpaka mwisho, na besi likawa lake kwa maisha yake yote ya ndoa, kama vile piano ilivyokuwa ya kaka. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1978 na ambaye ni mpima ardhi, naye alipokua akapewa ngoma, na wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 1983, ambaye alikataa kupewa chochote, akasema anataka piano, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kaka akagawana alichokuwa nacho.

Kabla ya kuzaliwa huyo binti kulitokea jambo ambalo halikuonekana kuwa jambo. Mwezi Mei 1981 familia ilihamia nyumba hii ya karibu, ile yenye chumba cha mbele kinachotazama kituo cha zimamoto, na katika kuhama gramafoni ikaanguka kutoka kwenye mkokoteni. Kilichovunjika ni kapi dogo, kile kigurudumu kinachokaa kwenye mota na kuvuta mkanda unaozungusha sahani ya santuri. Kaka alichukua kipande cha shaba, akachonga kapi jipya kwenye mashine ya kiwandani wakati wa mapumziko ya mchana, na kwa kuwa la zamani lilikuwa limesagika hapakuwa na la kupimia, akapima kwa sikio, kama alivyokuwa amepima kila kitu. Santuri ikazunguka, watatu wakapiga, kaka akasema limekaa.

Halikuwa limekaa. Kapi lilikuwa jembamba kwa unywele, sahani ikawa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na kila wimbo ukashuka sauti kwa hatua moja, yaani kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kile kinachofuata chini yake, na mwendo wake ukalegea. Nyumba nzima ilizoea hivyo, ikasahau ulivyokuwa zamani, kwa sababu hawakuwa na gramafoni nyingine wala nakala nyingine, na hapakuwa na mwimbaji ambaye sauti yake ingewaumbua. Dalili moja ilikuwepo. Mpiga piano mmojawapo alikuwa na tabia ya kuguna anapopiga, na mguno huo ulitoka mzito kama wa mzee mnene mwenye kifua, ilhali kwenye jalada alikuwa kijana mwembamba mwenye tai nyembamba. Jambo hilo lilijadiliwa mezani zaidi ya mara moja, na wifi akalifunga kwa kusema picha ile bila shaka ni ya mwanawe.

Binti alianza kujifunza piano mwaka 1992 katika ukumbi huu tulimokaa, kwenye piano hiyo hiyo iliyo kona ile, kwa mwalimu wa kwaya aliyemfundisha noti, mizani na namna ya kukaa. Lakini jazi hakufundishwa na mwalimu, alifundishwa na zile santuri tisa, alisikiliza nyumbani, akatembea hadi hapa akiwa ameushika wimbo kichwani, akautafuta kwenye vitufe mpaka akaupata, na aliupata pale ulipokuwa nyumbani kwao, hatua moja chini, kwa mwendo wa nyumbani kwao. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tarehe 30 Septemba 1991, kaka akafungua karakana ya cherehani katika chumba cha mbele, na wateja wa miaka hiyo watakumbuka kwamba jioni alikuwa akiacha bisibisi mezani na kuja kusimama mlangoni mwa ukumbi, mikono nyuma, mpaka binti amalize, kisha akarudi kazini bila kusema neno. Kwake yeye huko kulikuwa kusifu.

Alhamisi tarehe 14 Agosti 2003, binti akiwa na miaka ishirini, alikwenda kujaribiwa katika hoteli moja ambako mpiga besi na mpiga ngoma walikuwa wakitafuta mtu wa piano. Waliposikia anajua santuri za watatu walifurahi, wakachagua wimbo uliomo katika mojawapo ya zile tisa, ambao aliujua kuliko jina lake. Wakaanza pamoja, wao wakaanzia kwao, yeye nyumbani kwao, hatua moja chini. Kwa kuwa familia imeniruhusu kulisema hili, nitalisema kama lilivyokuwa. Besi na piano viligongana kama watu wawili mlangoni, mwendo wao ukamwacha nyuma, wakaanza tena, ikawa vilevile, na mpiga ngoma akaweka chini fimbo zake, akasema, "Huyu anapiga kama kabeba ndoo kichwani." Mpiga besi alikuwa mpole zaidi, akamuuliza, "Binti, huu wimbo umejifunzia wapi?" Akajibu, kwa santuri ya baba. Wakamchezea kanda waliyokuwa nayo, watu walewale watatu, wimbo uleule, nao ulikuwa mwepesi, wa juu, wenye haraka ya furaha, na kijana wa kwenye jalada akaguna kwa sauti ya kijana.

Alirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, akamkuta baba yake ameinama juu ya cherehani ya mteja. Alisema, "Mashine za watu wote unazinyoosha, baba. Yangu ndiyo umeipindisha." Kaka aliacha bisibisi mezani. Mchana ule alifungua gramafoni, akatoa kapi, akalipima kwa kipimo cha chuma badala ya sikio, akamwambia mkewe, "Kweli. Unywele." Kesho yake alikuwa amekwishachonga la pili, la sawasawa, akaweka santuri. Wifi alisikiliza kidogo, akauliza, "Hawa ni akina nani?" akainuka kwenda jikoni, kwa sababu besi alilolifuata tangu 1981 lilikuwa limempita likiwa linakimbia. Aliporudi alimwambia mumewe maneno ambayo nayaandika kama alivyonipa, "Kapi umelinyoosha. Mtoto je?"

Kaka alikuwa mtu wa kuamini kwamba kosa likirekebishwa limekwisha, na kumwambia mtu kwamba umemkosea aliona ni kurudia kazi iliyokwisha kufanyika. Binti alingoja mwezi mmoja, kisha akaondoka, akasomea utoaji wa dawa, akaajiriwa katika duka la dawa katika mji mwingine, na hakugusa piano tena. Alipiga simu kila Jumapili kwa mama yake, na mwisho wa kila simu akasema, "Msalimie baba," na kaka, aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye simu, akajibu, "Mwambie salama." Makapi yote mawili yakatiwa kwenye kopo la vifungo, gramafoni ikafunikwa shuka, kwa sababu kwa kapi la zamani kaka alisikia kosa lake, na kwa kapi jipya nyumba ilisikia wageni. Hali hiyo ilidumu kuanzia 2003 hadi 2020, na sisi wengine tulijaribu kwa nafasi zetu, mwana wa kwanza kwa hoja, mimi kwa barua, wifi kwa kununa, wala hatukufanikiwa.

Jumatatu tarehe 19 Oktoba 2020 kaka alipatwa na kiharusi akiwa karakana, akapoteza nguvu za upande wa kulia, na maneno yake yakawa yanatoka moja moja. Binti alikuja siku ya pili, akaomba likizo, likizo ikaisha, akaomba uhamisho, akawa yeye ndiye anayepanga dawa za baba yake na kuzitoa kwa saa zake. Walizungumza juu ya dawa, juu ya haja ya kunyoosha vidole, juu ya shuka, na juu ya lile jingine hawakuzungumza.

Siku moja ya Januari 2021, baada ya chakula cha mchana, binti alifunua gramafoni, akafungua kopo la vifungo, akachagua kapi la zamani, lile jembamba, kwa kuwa alifikiri baba yake angependa kusikia alichokizoea. Wimbo ulipoanza kaka aliinua mkono wa kushoto, akasema, "Siyo hilo. La kweli." Binti akabadilisha. Kwa mara ya kwanza tangu 1981 kaka akausikiliza ule wimbo mpaka mwisho kama watu wale walivyoupiga, jinsi binti yake alivyousikia mara ya kwanza mbele ya watu wawili asiowajua. Sindano ilipoinuka alisema, na wifi na mimi tulikuwepo, "Walikuwa wepesi." Akapumzika. "Nilikuchelewesha, mama." Alikuwa hajawahi kumwita binti yake mama tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa. Binti alimfuta mdomo, akasema, "Lakini kule chini ndiko ninakojua njia, baba." Wakanywa chai.

Kilichofuata hakikuombwa na mtu. Binti alimtafuta yule mpiga besi, aliyekuwa amekwishaacha hoteli na sasa anafundisha, akampata Februari 2022, akamkumbusha. Mzee huyo alisema hamkumbuki, akaomba radhi kwa kutomkumbuka, na kwa lile la 2003 hakuomba, kwa sababu, alisema, kwa siku ile alikuwa sahihi. Binti akamwambia anataka kuupiga wimbo uleule, ila safari hii yeye ndiye amfuate. Mzee akacheka, "Hakuna anayeupiga wimbo huu chini hivyo." Binti akamjibu, "Nyumbani kwetu wanaupiga."

Jumamosi tarehe 26 Februari 2022 tulimleta kaka katika ukumbi huu kwa kiti cha magurudumu. Mpiga besi alipitisha chombo chake kwenye mlango ule kwa ubavu, wifi akamsogezea kiti kisha akakaa karibu na besi kiasi cha kulishika, kwani alikuwa amelifuata maisha yake yote na hajawahi kuliona. Mpiga ngoma hakuwepo, alikuwa amefariki miaka ya nyuma. Binti alipiga kwa mwendo wa nyumbani, hatua moja chini, vidole vikiwa vigumu kwa miaka ya kufunga dawa, akakosea mahali pawili akaendelea, na mpiga besi mwanzoni alipapasa kama mtu aliyeingia chumba asichokijua, halafu akapata njia, akaanza kutembea. Tulipofika pale ambapo santuri ilikuwa na brashi, tulisikia mlio mwembamba wa kitu kinachosugua, tukageuka. Kaka alikuwa akipitisha kiganja chake cha kushoto juu ya mkono wa kiti, mbele na nyuma, bila kuchelewa wala kuwahi hata unywele. Hivyo walikuwa watatu, wakaenda mpaka mwisho. Mpiga besi alipomaliza alimtazama binti, akasema, "Kumbe huku nako wanakaa watu."

Mwezi Mei afya ya kaka ilidhoofika, kifua kikajaa, akalazwa tarehe 27 katika hospitali iliyo jirani na kiwanda cha matofali, wodi ya ghorofa ya kwanza, kitanda cha dirishani. Alifariki asubuhi ya Jumatatu tarehe 6 Juni 2022, mkewe na bintiye wakiwa naye. Alizaliwa Jumatatu na ameondoka Jumatatu, siku ambayo kiwandani alikuwa akiiita siku ya mashine kununa. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, cherehani kumi na moja za wateja ambazo wenyewe wanaombwa kuja kuzichukua, na makapi mawili ya shaba ambayo tumekubaliana yakae kopo moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hususan muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kuambiwa na mgonjwa kwamba gurudumu la toroli lake ni bovu, akalipeleka kutengenezwa, na kweli lilikuwa bovu. Tunawashukuru majirani, ambao kwa miaka mingi walisikia muziki wa polepole ukutani na hawakulalamika, wakidhani tunapenda hivyo. Tunawashukuru askari wa zimamoto waliombeba kaka ngazini Oktoba ile ya kiharusi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwanda cha mashati, ambao nawaona wamekaa pamoja kwa mistari yao kama zamani, mwalimu wa kwaya kwa kutuachia ukumbi, na bwana mpiga besi, ambaye amekuja bila kuitwa, na chombo chake.

Kwa mujibu wa taratibu ningepaswa kumalizia hapa. Lakini kaka aliacha ombi moja, nalo alilisema polepole, kwa hiyo hakuna aliyelisikia vibaya, kwamba asindikizwe na wimbo ule. Mwana wa kwanza aliuliza kwa mwendo upi, wa santuri au wa nyumbani, nalo ni swali la haki, na kaka akajibu, "Aulizwe mwenye piano." Mwenye piano hatujamuuliza. Watapiga wawili, kiti cha tatu kimewekwa pale na kitabaki kitupu. Naomba atakayeguswa asipige makofi ya kufuatisha wala kugonga mguu, kwa sababu tukiwa wengi huwa tunaharakisha, na hiyo nafasi ina mwenyewe. Asiyejua aanzie wapi, ashike mmoja, asimwache.

Pumzika, kaka. Leo hakuna anayekuharakisha, wala hakuna anayekungoja.